Jinsi ya kuwatazama madizaina wasiofuata fasheni mpaka ukawaelewa

Miaka michache nyuma nilinunua koti jeusi la sufu pale Karume, soko la mitumba la Dar es Salaam, elfu nane, lebo imekatwa, na nililichukua kwa sababu ya kitambaa tu maana kilikuwa kizito na laini kwa wakati mmoja. Nyumbani nikalivaa nikaona mikono haishuki. Yaani ukisimama wima mikono inakuja mbele yenyewe kama mtu aliyepakata mtoto. Nikalipeleka kwa fundi wangu Mwananyamala anirekebishie. Mzee akalitandaza mezani, akaliangalia, akasema hili limekosewa kiwandani mwanangu, mkono umewekwa vibaya, akachukua wembe afumue. Kabla hajafumua akaligeuza ndani nje, na hapo akanyamaza. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa, akapanda begani, akarudi tena kwapani. Bitana nayo ilikuwa imekatwa ikafuata mkono kuja mbele vilevile, kulikuwa na kipande kidogo cha pembetatu kimeongezwa kwapani kuupa mkono nafasi, na mishono yote imefunikwa kwa upapi ulioshonwa kwa mkono. Akasema, "Huyu hajakosea. Huyu alitaka hivi." Akaweka wembe chini.

Mpaka leo sijui nani alilishona lile koti. Lakini maneno ya yule mzee ndo yamenifundisha kutazama hawa madizaina ambao watu wengi wakiona kazi zao wanasema sasa hii mtu anavaa wapi, anaendaje nayo kwenye daladala, na wanapita. Naandika hapa nilivyojifunza, kwa yeyote anayehisi kuna kitu pale ila hajui aanzie wapi.

Cha kwanza kabisa, liweke pembeni lile swali la "inapendeza?" Silidharau, ni swali halali, ila liulize mwishoni. Swali la kuanza nalo ni la fundi wangu: kwa nini alitaka hivi? Ukiona bega limekaa sivyo, tundu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, usikimbilie kusema ovyo. Jiulize huyu mtu anajua kushona vizuri au hajui, na kama anajua, kwa nini kaacha kile anachokijua.

Na sisi waswahili tusijione wageni kwenye hili jambo. Mavazi yanayosema tumeyalea wenyewe. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mwanamke akinunua doti anasoma jina kwanza kabla ya rangi, maana anajua akijifunga "Hasidi hana sababu" akapita mbele ya mlango fulani ujumbe umefika bila yeye kufungua mdomo. Sasa hawa madizaina ninaowasema nao koleksheni zao nyingi zina majina, na jina ndo mlango. Ukiangalia nguo bila kujua jina la koleksheni ni kama umesoma mji wa kanga ukaacha maandishi.

Chukua Rei Kawakubo, Mjapani, mwenye lebo ya Comme des Garçons. Ushauri wangu ni uanze na mtu mmoja tu na uanze na huyu, usikusanye majina kumi ya kuwatajia watu. Mama huyu kazaliwa Tokyo 1942, hakusomea ushonaji wala dizaini, alisoma sanaa na fasihi chuo kikuu cha Keio, akafanya kazi kwenye matangazo ya kampuni ya vitambaa, akaanza kutengeneza zake 1969. Mwaka 1981 akaenda kuonyesha Paris. Na kumbuka Paris ya wakati ule ilikuwa mabega mapana, dhahabu, visigino virefu, mwanamke ang'ae. Yeye kaja na nyeusi, nguo pana zisizoshika mwili, pindo zisizopindwa. 1982 kaleta sweta jeusi lenye matundu, na yale matundu hayakukatwa na mkasi, walilegeza skrubu za mashine ya kufumia ili mashine yenyewe iteleze iache nyuzi pale inapotaka. Waandishi wa habari walimshambulia vibaya, wengine wakatumia hadi jina la Hiroshima kumkejeli, kitu ambacho mimi kikinijia kichwani bado kinaniuma, Mjapani aliyezaliwa wakati wa vita unamwambia hivyo. Yeye alisema ile kwake ni lesi. Na ukikaa ukifikiri, lesi ni nini kama sio matundu yaliyopangwa? Yeye kasema basi ngoja nione lesi ambayo matundu yake hayajapangwa ikoje. Ukishaelewa hapo, lile sweta huwezi tena kuliita chakavu.

Halafu nenda kwenye ile koleksheni ya 1997, inaitwa Body Meets Dress, Dress Meets Body, yaani mwili unakutana na gauni, gauni linakutana na mwili. Magauni ya kitambaa cha drafti kinachovutika, kile cha vijumba vidogo kama sare za shule, ila ndani kaweka mito. Sio pale tulipozoea kuongeza, kaweka mgongoni, kwenye nyonga upande mmoja, shingoni kwa nyuma. Mtu anaonekana ana uvimbe. Mara ya kwanza kuona zile picha nilifunga simu, sikupenda hata kidogo. Nilirudi baada ya wiki nikajiuliza kwa nini nimeudhika, mbona pedi za mabega hazijawahi kuniudhi, mbona nguo za kuongeza makalio zinauzwa Kariakoo kila duka na hakuna anayeshtuka? Tumeshakubaliana mwili uvimbe wapi na usivimbe wapi, na hatukumbuki lini tulikubaliana. Gauni lile linakuuliza hilo tu. Mwaka uleule Merce Cunningham, bingwa wa dansi wa Marekani, akawavalisha wachezaji wake nguo za Kawakubo za namna hiyohiyo kwenye kazi yake Scenario, na ukiwaona wanavyoruka nazo unaona mwili mpya kabisa unazaliwa pale jukwaani.

Hapo kuna somo nisilotaka ulipite haraka: kuudhika ni taarifa. Usijilazimishe kupenda ili uonekane mjanja, sema umeudhika, alafu ufuatilie ni nini hasa kimekuudhi, ni rangi, ni umbo, ni pale ilipokaa? Mara nyingi jibu liko hapohapo.

Sasa jinsi ya kutazama onyesho lenyewe. Picha moja ya Instagram haikutoshi, picha ya mbele inaua nusu ya nguo. Tafuta video nzima, na mara ya kwanza tazama bila sauti maana muziki unakupeleka kule wanakotaka wao. Angalia mgongo. Angalia mtu anapotembea kitambaa kinafanya nini, kinamfuata au kinamzuia, kinapiga kelele, kinaburuta? Mara ya pili weka sauti, mara ya tatu soma waliyoandika wenyewe kama wameandika. Mimi huwa nachora pia, na sina mkono wa kuchora, ila ukijaribu kuchora nguo unalazimika kujua mshono unaanzia wapi unaishia wapi, na hapo ndo unagundua kumbe hii shati haina mshono wa bega, imetoka wapi sasa?

Kwa zoezi hili hakuna kitu kizuri kama onyesho la Hussein Chalayan la mwaka 2000 linaloitwa Afterwords. Huyu ni Mkupro wa Kituruki, kazaliwa Nicosia 1970, na kisiwa chao kiligawanywa kwa vita 1974, watu wakahama nyumba zao na kile mkono unaweza kubeba. Jukwaani kaweka sebule, viti vinne na meza ndogo ya mbao ya duara katikati. Wanawake wanaingia, wanavua vitambaa vya viti, wanavivaa vinakuwa magauni. Viti vyenyewe vinakunjwa vinakuwa masanduku. Mwisho mmoja anafungua tundu katikati ya meza, anaingia, anaivuta juu, na ile meza inapanda duara kwa duara inakuwa sketi. Sebule imekwisha. Wamevaa nyumba yao wameondoka. Kwa watu wa ukanda wetu huu, ambako kuna familia zilizovuka Ziwa Tanganyika na godoro na sufuria, mimi sidhani kama inahitaji maelezo marefu. Ukiona picha ya ile sketi ya mbao peke yake utasema ni sarakasi, ila ukiona dakika zote utakaa kimya.

Huyohuyo kwenye kazi yake ya kumaliza chuo London, 1993, alizika nguo ardhini pamoja na unga wa chuma, akazifukua baadaye zimeshika kutu. Nakutajia kwa sababu wengi wakisikia hivyo wanasema kiki. Na kweli kiki zipo, tusidanganyane, kuna watu wanavalisha modo kitu cha ajabu ili picha isambae basi. Nitofautishaje? Mimi nina njia mbili. Moja, ondoa ule mshtuko kichwani alafu uulize kimebaki nini: kuna ukataji, kuna kitambaa kilichofikiriwa, kuna mshono? Pili, rudi nyuma miaka mitano, kumi, uone kama huyu mtu amekuwa akiulizauliza jambo lilelile. Chalayan alianza na kuzika nguo akaja kwenye sebule inayohama, ni mtu mmoja anayefikiria vitu vinavyotupwa, vinavyobebwa, vinavyobaki. Mtu wa kiki kila msimu ana kelele mpya isiyohusiana na ya jana. Ndo maana nasema mfuate mmoja kwa muda mrefu.

Baada ya macho, mikono. Hapa ndo sisi tuna bahati ambayo wengi huko nje hawana, tuna masoko ya mitumba. Nenda Karume au Ilala asubuhi siku belo linafunguliwa, kama uko Nairobi nenda Gikomba, Mombasa Kongowea, Kampala Owino. Usitafute lebo. Tafuta nguo ambayo wenzako wanaiweka pembeni kwa sababu "imekaa vibaya", alafu igeuze ndani nje. Angalia mishono imemaliziwaje, imepigwa oveloki harakaharaka au imefunikwa? Michirizi ya kitambaa inakutana pale vipande viwili vinapoungana? Nguo ya ajabu iliyokosewa, ndani yake fujo. Nguo ya ajabu iliyokusudiwa, ndani yake kuna nidhamu kuliko hata nguo ya kawaida. Nimegeuza mamia sasa, na hii kanuni haijaniangusha sana.

Martin Margiela, Mbelgiji, kajenga jina lake lote kwenye huku kugeuza. Alianza Paris 1988 na mwenzake Jenny Meirens. Lebo yake kitambaa cheupe kisicho na maandishi, kimeshikizwa na mishono minne kwenye kona, na ile mishono kwenye nguo isiyo na bitana inaonekana mgongoni, ukitaka unaifumua. Hakupenda kupigwa picha, hakutoa mahojiano ya ana kwa ana, maswali yalijibiwa kwa faksi na jibu likisema "sisi". Fikiria kwenye biashara ambayo kila mtu anauza sura. Kwenye onyesho lake la kwanza modo walivaa viatu vyenye kidole gumba kimetengwa kama vya wajenzi wa Japani, soli zimechovywa rangi nyekundu, wakatembea juu ya kitambaa cheupe wakaacha nyayo, na msimu uliofuata kile kitambaa cha sakafuni kikakatwa vizibao. Akafanya pia sweta kwa soksi za jeshi: soksi zimepasuliwa zikaunganishwa, na kile kisigino cha soksi ambacho tayari kina uvimbe kikawekwa kwenye kiwiko na kifuani. Hebu nenda kachukue soksi yako sasa hivi uiangalie kisigino. Umbo lilikuwepo siku zote, hakuna aliyeliona. Hii unaweza kuijaribu wewe mwenyewe nyumbani na sindano na jozi za soksi nene za mtumba, na nakuhakikishia ukimaliza hata kama sweta halivaliki utakuwa umeelewa kitu ambacho makala ishirini haziwezi kukuelewesha.

Na kuna Lamine Kouyaté, mzaliwa wa Bamako, aliyesomea usanifu majengo, ambaye kwa nini hatajwi zaidi Afrika mimi sielewi. Lebo yake ya Xuly.Bët aliianza Paris 1991, jina ni Kiwolofu, maana yake kama kusema fungua macho. Alikuwa anachukua nguo za mitumba za masoko ya Paris, anazikata, anaziunga upya, na mishono anaiacha nje kwa uzi mwekundu. Yaani kovu halifichwi. Wakati huo neno la kuchakata nguo hakuna aliyekuwa analitumia kwenye fasheni, na leo kampuni kubwa zinajisifia kama zimeligundua juzi. Karibu zaidi na sisi kuna Bobby Kolade pale Kampala, kakulia hapohapo, akaenda Ulaya akafanya kazi kwa Margiela na kwenye lebo kubwa ya Balenciaga, akarudi. Lebo inaitwa Buzigahill, na 2022 katoa mradi unaoitwa Return to Sender, rudisha kwa aliyetuma. Ananunua mitumba Owino, anaikata, tisheti nne tofauti zinakuwa moja, alafu anaiuza kulekule ilikotoka. Rudi kwenye habari ya jina la kanga niliyosema mwanzo, soma hilo jina tena. Kuna pia wanaoshika lubugo, nguo ya gome la mutuba ya Waganda ambayo Wahaya wa Kagera nao waliijua, gome linavuliwa linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa pana na laini, na UNESCO waliitambua kazi hiyo 2005. José Hendo, Mganda aliyeko London, anaishona, na Bubu Ogisi wa Nigeria mwenye IAMISIGO naye anaitumia. Ukipata nafasi ya kushika lubugo ishike, ina sauti yake, kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Kitu kingine ambacho lazima ukielewe ni hawa watu wanakula nini, maana ukipenda kazi bila kujua inavyojilipia utawalaumu bure. Lile tisheti la moyo mwekundu wenye macho, ambalo feki zake zimejaa kila mtaa, ni la Comme des Garçons, laini inaitwa Play, na mchoro ni wa Filip Pagowski. Watu wanaojua sana wanaliponda wanasema la biashara. Mimi sikubali. Matisheti, pochi na manukato ndo yanamfanya Kawakubo asiwe na bosi, kampuni ni yake, na kwa sababu hiyo kuanzia koleksheni ya 2014 aliweza kusimama akasema hatengenezi tena nguo kwenye jukwaa lake, anatengeneza vitu vya kuvaa mwilini, na hakuna mwenye hisa wa kumwambia acha. Wasio na huo mfereji wa pili wanaumia. Chalayan alikuwa mdizaina bora wa Uingereza mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na 2001 kampuni yake ikafilisika. Yohji Yamamoto, Mjapani mwingine anayejulikana kwa nguo nyeusi, ambaye mama yake alikuwa fundi cherehani mjane wa vita, kampuni yake nayo iliomba ulinzi wa mahakama kwa madeni 2009, wakaokolewa na wawekezaji. Margiela aliuza kampuni yake 2002, na 2009 akaondoka kimya, jina limebaki na wengine.

Kwa hiyo ukitaka kumuunga mkono dizaina wa aina hii aliyeko karibu yako, na hela huna nyingi, fanya hivi. Nenda kwenye maonyesho yake, ukae mpaka mwisho. Muulize kuhusu mshono na sio bei. Ukimtaja mtandaoni taja jina lake na kilichokugusa, sio "noma sana" ukapita. Kama anauza kitu kidogo, skafu, mkoba, nunua hicho kabla ya gauni. Na naomba hili mnisikilize wadau, usipige skrini ya nguo yake ukampelekea fundi ukasema nishonee kama hii alafu ukauza. Kujishonea nyumbani ili ujifunze sina neno, hata mafundi wote wamejifunza hivyo. Kuuza ni kumnyang'anya mtu miaka yake. Nimeona binti mmoja mwenye kipaji cha hatari akiacha kabisa kwa sababu koti alilolifikiria mwaka mzima lilitundikwa dukani kwa robo ya bei kabla hajauza hata matano.

Kuvaa je? Vaa kimoja. Shati lenye kola mbili livae na suruali yako ya kawaida na kandambili, liache liongee. Ukivaa ajabu juu mpaka chini hakuna kinachosikika. Na likae mwilini wiki, panda nalo gari, pika nalo, maana kuna vitu mwili unavijua kabla ya kichwa. Mimi lile koti langu nililielewa siku nimesimama kituo cha daladala cha Morocco, hapa Dar, kwenye mvua, mikono imekuja mbele yenyewe kama kawaida yake, nikaona kumbe nimejikumbatia na nimepata joto bila hata kukusudia.

Mzee fundi aliniomba akae na lile koti siku mbili kabla sijalichukua. Nilivyorudi nilikuta kishapima lile kwapa akalihamishia kwenye gazeti, kalikata, kalitundika ukutani kwenye msumari pamoja na vipimo vya wateja, na pembeni kaandika kwa kalamu ya wino: mkono wa mbele. Ananiambia bado hajapata mteja wa kumshonea, ila kila akikaa bila kazi analishusha analiangalia.